Pakiti ya Chumvi Iliyokwenda Nyaishozi

Kituntu
6 Juni 2021

Kwa Mama Mahoro, huko Nyaishozi kwa kaka yako Cassian.

Mimi mzima. Naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema wazi mbele ya darasa kwamba kwa herufi kubwa hakuna wa kunishinda Kituntu nzima, na hajatokea hadi leo. Simu nimeizima. Nikipiga kwa Cassian anaiweka kwenye spika, nyumba yote inasikiliza mpaka mbuzi. Barua hii anakuletea Muzamil wa bodaboda, nimemwambia akupe mkononi.

Sasa sikiliza. Watu wanasema Athanasi amemfukuza mke. Mimi sikukufukuza. Nilikurudisha kwenu ukafundishwe, hiyo ni tofauti. Tangu Februari tulipougua yale mafua makali, tukajifukiza mimi na wewe chini ya blanketi moja na majani ya mkaratusi, wewe ulipona mwili lakini mkono wa kupika haukupona. Ndizi hazina chumvi. Maharage hayana chumvi. Nikakwambia ongeza, ukasema nimeongeza. Kwaresima yote nimekula karatasi, nikasema labda huyu mama anafunga na mimi ananifungisha. Pasaka ikaja, umechinja jogoo, nikatia mchuzi mdomoni: maji ya mvua. Mwanamume akinyimwa chumvi ndani ya nyumba yake kuna kitu anaambiwa. Nilingoja useme ni kitu gani. Hukusema.

Na hao wanaosema yale mafua yalikuwa corona ni waoga wa kusikiliza redio. Corona itanipata wapi mimi. Nililala kidogo, nikaamka, nikapalilia migomba.

Kwa hiyo ndiyo nikakupa ile pakiti ya chumvi mbele ya jirani Ambrose, nikasema mpelekee kaka yako, mwambie dada yake amesahau kazi. Maneno yalikuwa makali, sikatai, lakini yalikuwa mafupi.

Huku kwangu mambo mazuri mno. Napika mwenyewe. Shamba langu linaonekana toka barabarani, watu wanasimamisha pikipiki kulitazama. Rubisi yangu ya ndizi bado hakuna mtu wa kuikaribia, hata wale wa kule ng'ambo ya mto walikotoka wazee wetu wakija watakunywa na kunyamaza.

Amri yangu ni hii. Rudi, na ile pakiti irudi na wewe, isiwe imefunguliwa. Uiweke mkononi mwangu, useme umekosa. Mimi nitasamehe, si mtu wa kushika maneno.

Ni mimi Athanasi, mpika rubisi.


Nyaishozi
15 Juni 2021

Baba Mahoro,

Barua nimepewa mkononi kama ulivyotaka. Muzamil hakuondoka, alisimama nisome ili akupelekee habari za uso wangu. Mwambie akwambie ukweli, kwamba ulikuwa uso wa kila siku.

Pakiti yako iko juu ya kabati la Cassian. Haijafunguliwa. Hapa wana chumvi yao.

Unasema nilikunyima. Kila uliposema ongeza, niliongeza. Zubeiri wa dukani alinitania akauliza kama siku hizi nakausha samaki, maana pakiti iliyokuwa inatutosha mwezi ilikuwa haimalizi wiki. Nikacheka, nikanunua nyingine. Na huyo Ambrose uliyemfanya shahidi, unakumbuka alikula kwetu Pasaka, akakata mtungi mzima wa maji kabla hajanawa. Ukamcheka ukamwambia anywe rubisi kama mwanamume. Sitasema zaidi ya hapo.

Kusema nimekosa siji, kwa sababu sikukosa. Na utaratibu unaujua, hukufundishwa na mimi. Mume aliyemrudisha mke kwao anamfuata na rubisi. Anakaa kwa wakwe zake, anaonja yeye kwanza mbele ya wote waone haina kitu kibaya, anasema imeiva, na yeye ndiye anabeba neno hilo. Ndipo wanakunywa. Ndipo mke anafunga kitambaa chake cha kichwa na kutoka. Wewe mwenyewe ulimsomea hayo mume wa dada yako alipozembea, na ulimsomea kwa sauti. Cassian ameshatoa mkeka. Kwako hiyo ni kazi ndogo. Rubisi yako kila mtu anaijua, na asiyeijua unamwambia.

Kichwa kinanigonga nikiinama. Si kitu.

Yule kuku mwekundu anatagia nyuma ya pipa, usiache mayai yaharibike. Na ukibandika ndizi usiondoke jikoni.

Mimi Kayitesi.


Kituntu
4 Julai 2021

Mama Mahoro,

Umejibu kama mwanasheria. Haya, nakuja. Ndizi nimezivundika shimoni, nitakamua wiki hii, mtama wa kukaanga na kutia upo. Tarehe 18 Jumapili mniwekee kiti, si mkeka, magoti yangu hayataki mkeka. Mwambie Cassian aalike watu. Aalike hata wale wasionipenda, watanipenda wakishakunywa.

Usifikiri nakuja kwa sababu ya shida ya kula. Chakula kinajileta chenyewe. Anatolia mke wa Ambrose aliniletea maharage ya nazi, eti alifundishwa na Waswahili wa mjini. Nikaonja, hakuna kitu. Nikamwambia Ambrose, mkeo naye ni hivyo hivyo. Ambrose akanitazama akasema, mzee, mimi nimekula hayo hayo sasa hivi. Nikamwambia wewe umezoea shida. Tangu siku hiyo Anatolia haleti. Wanawake wa Kituntu wote mmeambukizana.

Ile sufuria kubwa imeungua. Sikuondoka jikoni, nilifuata agizo lako, nilikuwa nimekaa pale pale nimegeuza mgongo nanoa panga. Mara Ambrose huyu hapa mbio, mzee unaunguza nyumba, harufu imefika kwangu. Kwake ni ng'ambo ya shamba la kahawa lote. Nikamwambia niache, ndizi ikishika chini ndiyo inanoga. Akatikisa kichwa akaenda zake. Siku hizi watu wanatikisa sana vichwa wakitoka kwangu.

Mbwa anakula ninachopika, halafu anakwenda moja kwa moja mtoni. Mbwa mjinga.

Mayai nimeyaona.

Athanasi.


Nyaishozi
21 Julai 2021

Shemeji Athanasi,

Shikamoo. Nakupa kwa sababu ya umri, si kwa sababu nyingine.

Jumapili tulikaa. Kiti tuliweka, cha mbao, chenye mgongo, tulikiazima kanisani kwa ajili ya magoti yako. Kuku wawili walikufa kwa heshima yako. Wazee wa kwetu walikuja na mirija yao ya kunywea mfukoni kama watoto wanaokwenda sherehe. Tumekaa mpaka kuku wakalala, wale waliobaki. Hukuja, na hukutuma neno. Mutabazi mwenye ndevu akauliza kama mpika rubisi amekunywa mzigo njiani. Watu walicheka. Dada yangu alikuwa ameshafunga kitambaa, alikifungua mbele yao.

Jambo la pili. Nimempeleka zahanati. Presha imepanda sana, yule daktari alipima mara mbili akidhani mashine imeharibika. Wamempa vidonge na wamemkataza chumvi. Nikuulize, shemeji: wewe ulimrudisha na pakiti ya chumvi ukidai haijui chumvi. Daktari anasema apumzishwe chumvi. Kwako alikuwa anakula nini?

Na kingine sikielewi. Hapa hapiki bila kumwita mke wangu. Akitia kitu sufuriani anasema, wifi, hebu onja, imekolea? Mwanamke wa miaka hiyo anaomba kuonjewa kama mwali. Umemtisha kiasi gani?

Kiti tumekirudisha kanisani. Mkeka upo.

Cassian.


Kituntu
1 Agosti 2021

Kwa Cassian,

Marahaba.

Sikuja kwa sababu rubisi haikuwa ya hadhi yangu. Niliimwaga. Wewe ungeleta hivyo hivyo, mimi siwezi. Niliwahi kupikia arusi tatu siku moja na wageni wakagombana kutaka kujua ipi ni ya Athanasi, kumbe zote. Mtu kama huyo haendi kwa wakwe na kitu cha kubahatisha. Nitapika nyingine, utakuja kuona.

Kuhusu daktari. Kama anakatazwa chumvi na kukatazwa hakumuumizi, basi nilisema kweli, alikuwa hana habari nayo. Hapo umenisaidia mwenyewe.

Vitisho hapa kwangu havikuwepo. Huyo Mutabazi mwambie nilimjua akiwa anaazima suruali.

Athanasi.


Kituntu
1 Agosti 2021

Mama Mahoro,

Hii soma peke yako. Nimempa Muzamil barua mbili, ile iliyo wazi ni ya Cassian ajisomee kwa sauti, hii iliyofungwa ni yako. Ukimaliza itie motoni.

Ni hivi. Ile rubisi ya tarehe 18 niliikamua vizuri, nikaacha ilale, nikaonja. Maji. Nikasema bado. Nikaonja tena baadaye. Maji. Nikamwita Ambrose, nikampa kikombe bila kumwambia kitu, nikawa naangalia uso wake. Uso ukajikunja. Akasema mzee, hii ni siki, imeshapita. Nikamfukuza. Yeye akitoka nikainamisha kichwa mpaka ndani ya mtungi. Hakuna kitu, kama naweka kichwa kwenye kisima.

Nikakata kitunguu, macho yakalia, pua haina habari. Nikafungua kibuyu cha mafuta ya taa nikavuta. Hakuna. Nikaenda kwa Ambrose mchana yeye hayupo, nikasimama na lile beberu lake ambalo hata padri analikimbia, nikaliwekea pua shingoni. Mbuzi akashangaa zaidi yangu. Hakuna.

Pua imeniacha, Mama Mahoro. Na ulimi umeifuata. Sijui tangu lini. Nakwambia wewe tu.

Sasa unaona jambo lenyewe. Nikija kwa Cassian nitaambiwa nionje kwanza niseme imeiva. Nitasema kwa kitu gani? Mbele ya Mutabazi? Nikisema imeiva na ni siki, jina langu limekwisha pale pale kwenye mkeka.

Nimeshapanga. Nitapika mpya. Siku ya soko njoo Omurushaka, sema unanunua khanga. Mimi nitakuwa nyuma ya wauza vyungu na chupa ndogo. Wewe utaonja, utaniambia iache au ichukue. Baada yangu hakuna ulimi kama wako Karagwe hii, hilo nalisema ingawa sikuwahi kulisema. Halafu Jumapili nakuja nayo kwa Cassian, naonja kwa madaha, nasema imeiva, na inakuwa imeiva kweli. Hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Zile habari za kusema umekosa tunaweza kuziacha kwanza.

Athanasi.


Nyaishozi
9 Agosti 2021

Baba Mahoro,

Barua iliyofungwa nimeisomea chooni. Ndipo mahali pekee Cassian hanifuati.

Omurushaka siji. Si kwa hasira. Ulimi unaouomba sina.

Huo uliniondoka Februari, wakati ule ule wa blanketi. Asubuhi moja nilimenya kitunguu nikasema hiki kimeoza ndani, hakina nguvu. Nikamenya kingine. Sikukwambia. Wewe ulikuwa na wageni kila Jumapili wanaokuja kunywa na kukusifu, na mimi ndiye ninayewapikia. Nikasema mwanamke asiyeonja nani atakula kwake. Nitapika kwa mkono, mkono unajua. Nikatia chumvi kwa kipimo chetu cha siku zote. Ukaonja ukasema haina chumvi. Nikakuamini. Ningemwamini nani mwingine? Nilisema heri mmoja wetu bado anaonja. Nikaongeza. Ukasema bado. Nikaongeza. Na mimi nilikuwa nakula sufuria hiyo hiyo.

Nilipofika hapa nilipika maharage kwa kipimo chetu cha mwisho, kile cha Mei. Mke wa Cassian alikwenda kutema uani. Akarudi akaniuliza kwa upole kama kuna mtu aliyenikosea humu ndani. Nilikaa chini pale pale kwenye kigoda. Nikaelewa nilichokuwa nakupikia. Lakini wewe sikukuelewa. Nikasema, kama chumvi ilikuwa imezidi hivyo na yeye anasema haipo, basi alikuwa anatafuta sababu ya kunitoa. Nikawaza kuna mwanamke. Nikawataja kichwani mmoja mmoja, mpaka Anatolia. Mungu anisamehe, yule mama aliyekuletea maharage ya nazi.

Kumbe mtu aliyenisimamisha uani na pakiti mkononi alikuwa hawezi kuitofautisha na majivu.

Ungeniambia, ningekwambia. Basi. Tungecheka siku moja, halafu tungemwita Ambrose aje kutuonjea kila jioni, na angekuja, anapenda kula.

Mwandiko umeharibika, utanivumilia. Mkono umekuwa mzito na kalamu inaniponyoka, nimeandika kidogo kidogo. Vidonge nakunywa.

Sasa nisikilize mara moja. Njoo. Usingoje rubisi iive. Njoo na mbovu, ionje, sema imeiva, Cassian aiteme, Mutabazi acheke, waondoke wakituimba barabarani, na mimi nifunge kitambaa changu. Nataka kulala kwangu.

Kayitesi.


Kituntu
22 Agosti 2021

Mama Mahoro,

Sikujibu haraka kwa sababu nilikasirika. Umenificha jambo hilo ndani ya nyumba yangu. Mimi nilikuficha pia, najua, lakini mimi nilikuwa sijajua kwamba naficha, wewe ulijua tangu kitunguu. Nimezunguka nalo shambani, nimekata mgomba ambao haukuwa na kosa. Nikaja kukaa pale unapokaa wewe, kwenye kigoda cha jikoni, nikafikiri jinsi tulivyokuwa tunakula tumekaa tunatazamana, kila mtu anamngoja mwenzake aonje. Nikacheka peke yangu. Mbwa alitoka nje.

Basi tuko sawa. Ukirudi nitajishusha kwa Anatolia kwa mkungu wa ndizi, awe anatuonjea wote wawili. Nimeshauchagua mkungu. Sijaupeleka, nautazama tu.

Lakini kuja na mbovu, hapana. Umeniomba vingi maishani, hicho usiniombe. Athanasi hajabeba siki kwa wakwe na hatabeba. Nilivundika ndizi upya nilipopata barua yako, sasa imeshakamuliwa iko mtungini. Simwombi mtu ulimi. Naisikiliza. Rubisi ikiwa inaiva inaongea, naweka sikio mtungini, ikinyamaza ndiyo tayari. Masikio yangu corona haikuyapata, na sasa nimeitaja, furahi. Leo bado inaongea. Jumapili ijayo tarehe 29 nitakuwa kwenu kabla jua halijawa kali. Kitambaa kifunge asubuhi. Ile khanga ya zambarau usiiache kwa Cassian.

Vidonge kunywa.

Athanasi wako.


Nyaishozi
22 Agosti 2021

Athanasi,

Muzamil amefika na barua yako tukiwa tunafunga turubai. Simu yako nimepiga tangu alfajiri, umeizima, kwa hiyo namrudisha yeye yeye na karatasi hii.

Dada yangu amefariki leo kabla ya jua. Jana alianguka pale jikoni, hakusema neno tena.

Wazee wamekaa. Mwanamke aliyerudishwa kwao na hakufuatwa ni wa kwao. Tunamzika hapa, nyuma ya nyumba ya baba yetu, kesho saa nane. Kuja ni haki yako. Ukija, njoo na ulichoahidi, ukae mkekani, ufanye ulichotakiwa kufanya akiwa anaona.

Barua yako sikuifungua. Haikuwa yangu. Nimeiweka naye.

Cassian.


Rubwera
3 Oktoba 2021

Shikamoo baba,

Simu yako umeiwasha lakini hupokei, ndiyo maana nami nimeingia kwenye hizi barua zenu.

Nilikuwa nimekaa na wanawake ukutani siku ile ya mazishi, hukuniona. Nilikuona ukishuka kwenye pikipiki ya Muzamil umekumbatia mtungi kama mtoto. Niliona ukipewa mrija. Ulivuta, ukafunga macho kidogo vile unavyofanya siku zote, ukasema imeiva. Hakuna aliyecheka. Hata yule mzee mwenye ndevu hakucheka. Mjomba Cassian akachukua kikombe akanywa chote mpaka chini, bila kukitoa mdomoni, akakiweka. Wazee wote wakanywa baada yake.

Baadaye nilionja iliyobaki. Nakwambia mimi kwa sababu naona hakuna atakayekwambia. Ilikuwa siki tupu, baba. Ilichoma koo.

Mama alinieleza yote aliponipigia kwa simu ya mjomba, siku chache kabla. Kilichonikaa kooni si chumvi. Daktari hakusema chumvi ndiyo iliyomuua, alisema presha, ni mjomba anayesema chumvi. Kilichonikaa ni kwamba alikuandikia njoo, na wewe, kama alivyoniambia Ambrose, ulikuwa umeweka sikio kwenye mtungi.

Nakutumia pakiti. Alisema wewe uliagiza irudi haijafunguliwa na iwekwe mkononi mwako. Haijafunguliwa, angalia mwenyewe. Mkono wangu haujaweza kuja Kituntu, kwa hiyo nampa Muzamil. Uliagiza pia aseme amekosa. Hilo hakuniachia.

Kula vizuri.

Binti yako,
Mahoro.


Kituntu
21 Novemba 2021

Mwanangu Mahoro,

Marahaba. Pakiti nimeipata mkononi. Nimeigeuza pande zote, haijafunguliwa, mama yako alikuwa mtu wa kushika neno.

Mimi mzima. Mvua imenyesha vizuri, migomba yangu imebeba kuliko ya mtu yeyote, Ambrose amekuja kuhesabu mikungu akachoka. Ya kahawa sikusimulii, utaona mwenyewe.

Umesema ilikuwa siki. Nilijua. Sikujua kwa mdomo, nilijua nilipomwona mjomba wako anashika kikombe, shingo yake ilikaza. Nikangoja ateme. Watu wote walingoja. Akamaliza. Siku ile nilifikiri ananidhihaki, nikaondoka bila kumuaga. Siku hizi nikiwa napalilia nafikiri vingine. Sijamwandikia. Nitamwandikia, usinisukume.

Pakiti niliiweka mezani, nikala nayo hivyo hivyo ikiwa imefungwa, siku nyingi. Halafu nikaikata kwa kisu. Nilitaka kujua alikuwa anakula nini. Nikatia kijiko kimoja mdomoni, nikafunga macho, nikangoja. Nikatia cha pili. Nilikuwa nakwenda cha tatu Ambrose akaingia, akaninyang'anya kijiko bila kusema shikamoo. Tukakaa. Nikanywa maji mengi, mtungi mzima. Koo ilikauka, kifua kikaenda mbio, lakini ulimini hapakuja mtu.

Kwenu huko senene wameanguka? Huku usiku watu hawalali, wanawanasa hao panzi kwa taa. Nyumba ya Ambrose yote inanukia senene, wanasema. Mama yako alinikaangia kila Novemba tangu aje kwangu, na mimi kila Novemba nilimwambia mwaka jana walikuwa wazuri zaidi. Alikuwa ananijibu, basi kala wa mwaka jana. Ule mkungu nilioutaja kwenye barua, ile aliyokwenda nayo, nimeupeleka kwa Anatolia. Umeiva hadi ukawa mweusi, lakini nimeupeleka. Aliuingiza ndani. Jana jioni akaja na bakuli la senene limefunikwa kwa jani. Nikala mbele yake. Nikamwambia, mama, wamekolea. Akalia. Sikuelewa kinachomliza, nikamtazama Ambrose. Ambrose akaniambia kwamba tangu tulipotoka kuzika, mkewe hatii chumvi kitu chochote.

Krismasi nitakuja Rubwera, mniwekee kiti. Utapika utakachopika. Usisimame mlangoni kunitazama kama mama yako alivyokuwa anasimama, wala usiniulize. Nakujibu toka sasa, kimekolea.

Baba yako,
Athanasi.